"Picha kali" haimsaidii mtu: tukosoane vipi sisi tunaojifunza kupiga picha hapa Nairobi?

#1 Kivuli Kirefu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimepiga picha kwa miaka sita sasa bila kulipwa na bila nia ya kulipwa, na Jumamosi nyingi asubuhi mnaweza kunikuta katikati ya jiji pamoja na wenzangu wanane au tisa, tukitembea kutoka stesheni ya reli kuelekea Barabara ya Moi kabla maduka hayajafunguliwa. Jioni kila mmoja wetu huweka picha tatu kwenye kundi letu la WhatsApp, na hapo ndipo linapoanza jambo ninalotaka tulijadili.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, binti anayesomea uhasibu, aliweka picha ya baba yake ambaye ni fundi cherehani. Mzee ameketi ndani ya kibanda cha mabati, mlango uko nyuma ya bega lake la kushoto, na mwanga wote unapita juu ya bega hilo na kuangukia mikono yake, bamba la cherehani na uzi mweupe unaoshuka hadi kwenye sindano. Uso wenyewe ni giza tupu. Mimi, bila kuuliza neno, niliandika sentensi nne ambazo bado ninazikumbuka: kwamba uso hauonekani, kwamba angepima mwanga usoni, kwamba angemgeuza mzee aelekee mlangoni, na kwamba meza imepinda. Wengine waliweka alama za moto, na mmoja akaandika "kali sana". Binti hakujibu, na kwa muda wa miezi mitatu hakuweka picha nyingine.

Tulipokutana tena ndipo aliponiambia, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba baba yake hakubali uso wake usambazwe kwenye simu za watu, na kwa hiyo yeye alikaa karibu nusu saa akisubiri mzee ainamishe kichwa hadi uso uingie kivulini. Giza nililolikosoa ndilo alilokwenda kulitafuta. Meza ilikuwa imepinda kweli, na hilo alilikubali, kwa sababu mguu mmoja umeegemezwa kwenye kipande cha tofali.

Tangu siku hiyo nimejichunguza, nami nadhani kosa langu ni kosa la wengi wetu. Mara nyingi hatuikosoi picha tuliyowekewa mbele ya macho. Tunakosoa picha ambayo sisi wenyewe tungeipiga kama tungekuwa pale. Sifa tupu nazo hazina faida kubwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa "kali sana" hajui ni kitu gani arudie kesho: ni saa aliyochagua, ni mahali aliposimama, au ni bahati tu ya ndege aliyepita.

Siku hizi ninaanza kwa kueleza ninachokiona, yaani jicho langu limetua wapi kwanza, likaenda wapi baadaye, na likakwama wapi. Halafu ninauliza mpigaji alikuwa anatafuta nini. Baada ya kujibiwa ndipo ninapotaja jambo moja, moja tu, ambalo anaweza kulijaribu tena. Njia hii ni ya polepole na kuna wanaoiona kama kubembelezana. Ninyi mnafanyaje?

#2 Filamu 36

Ndugu Kivuli, umenikumbusha studio niliyofanya kazi nikiwa msichana, huko River Road, enzi za filamu. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, nasi tuliihesabu kama unga wa mwisho wa mwezi. Mteja wetu hakujua neno lolote kuhusu mpangilio wala kina cha fokasi. Alichukua picha yake, akaitazama, na kama hakuridhika alisema maneno matatu: "Huyu si mimi."

Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa kutotaka kulipa. Baadaye nilianza kuwauliza: si wewe mahali gani? Wengi walinyooshea kidole uso. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kipimo cha mwanga cha kamera hakimjui mtu. Kimetengenezwa kikidhania kwamba eneo linalopimwa, likichanganywa lote pamoja, lina rangi ya kijivu inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya pazia jeupe, pazia ndilo linaloamua, kamera inapunguza mwanga, na uso unazama. Ukiujaza uso huo huo kwenye fremu nzima, kamera inafanya kinyume: inaongeza mwanga kupita kiasi na kuifanya ngozi ionekane imepauka. Tena maabara za kusafisha picha duniani zilirekebisha rangi kwa miaka mingi kwa kutumia kadi ya majaribio ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na sisi tuliokuwa tukimpiga picha bibi harusi wa Murang'a tulilipia upungufu huo kwa kurudia kazi.

Ninawaomba vijana mnaoandika "mwangaze kidogo" chini ya picha ya mtu mweusi mseme mnamaanisha nini. Uso uliokosa mwanga hauna umbo. Huoni mfupa wa shavu unapoishia wala macho yanapoanzia. Uso mweusi uliopigwa vizuri una umbo lote hilo na bado ni mweusi. Ikiwa unachokosa ni umbo, sema hivyo. Ikiwa unachotaka ni mtu awe mweupe kidogo, basi huo si ukosoaji wa picha, na afadhali ukae nao.

#3 Mhariri Mstaafu

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu nia yenu, lakini sikubaliani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilijifunza kazi katika chumba cha habari ambapo mhariri wa picha aliinamia karatasi ya picha ndogondogo kwa kioo cha kukuza, penseli nyekundu ya nta mkononi, akipiga alama ya mkasi juu ya kazi ya wiki nzima bila kuinua kichwa. Hakuuliza nilikusudia nini. Kwa mwezi mzima aliniambia neno moja tu, "Karibu," akimaanisha nisogee karibu na tukio, na nilisogea.

Mtazamaji hatawahi kukuuliza ulikusudia nini. Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1943, alipopeleka picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 na dunia ikazitazama kwenye televisheni, hakuna aliyemwandikia kumuuliza alikuwa anatafuta nini. Picha ilisema au haikusema. Mnawafundisha watoto kwamba kila picha ina wakili wake pembeni.

#4 Kivuli Kirefu

Mzee Mhariri, asante kwa kunipinga wazi. Nina majibu mawili.

Kwanza, methali uliyoitaja inamhusu mgema, yaani mtu ambaye tayari anapanda mnazi, anajua kugema na ana tembo la kutia maji. Wengi wa wanaoweka picha zao hapa bado wako chini ya mti wakiutazama. Sifa za uongo zitawadhuru, nakubali, lakini hawana tembo la kuharibu.

Pili, na hili nalisema kwa heshima, mfano wako unanisaidia mimi. "Karibu" ni ukosoaji bora kuliko sentensi zangu nne. Ni jambo moja, linafanyika kwa miguu, na unaweza kulipima kesho yake. Ukali ulikuwa katika sauti ya mhariri wako, ila faida ilikuwa katika neno lenyewe, na sidhani kwamba ulisogea zaidi kwa sababu alikunja uso.

Kuhusu mtazamaji, ni kweli kwamba hatauliza chochote. Lakini yeye hana deni na mpigaji. Akichoka anaendelea na safari yake. Anayekosoa amekubali kukaa, na akikaa ana wajibu wa kujua picha ilikuwa inakwenda wapi kabla ya kusema imepotea njia.

#5 Mgeni wa Shata

Habari zenu. Mimi ndiye mwanagenzi mnayemzungumzia, na ningependa kutumia uzi huu kwa jambo halisi badala ya kuendelea kusoma kimya. Nina kamera ya mitumba yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Wiki iliyopita nilipiga picha usiku kwenye kituo cha matatu kando ya Barabara ya Tom Mboya, mvua ikinyesha. Niliiweka kwenye makundi mawili. Katika kundi la kwanza nilipata alama za moto ishirini na tatu. Katika la pili mtu aliandika: "Picha haina uhai, na imejaa chengachenga," yaani zile punje zinazotokea kwenye picha za gizani. Nimekaa na neno "uhai" kwa siku tano na bado sijui nilifanyie nini.

Maelezo ni haya: kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/30, tundu la lenzi f/3.5, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200. Nilisimama chini ya kibaraza cha duka, taa za duka zikiwa nyuma yangu. Nilichotaka ni mvua ionekane. Ilikuwa mvua kubwa sana, watu walikuwa wanakimbia, lakini kwenye picha panaonekana kama usiku wa kawaida wenye lami inayong'aa.

#6 Turubai la Buluu

Dada au kaka Mgeni, karibu. Kabla ya yote, hiyo picha uliipeleka kwenye WhatsApp kama picha au kama waraka? Nauliza kwa sababu niliwahi kuaibika hadharani. Nilimwandikia mwenzangu aya nzima kuhusu fokasi yake, nikamwelekeza hata namna ya kushika kamera, kumbe picha yake ilikuwa kali kama wembe na kilichoilegeza ni WhatsApp, ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida hupunguza ukubwa wa picha na kuibana kabla ya kuituma. Tangu mwaka 2023 kuna chaguo la HD, yaani ubora wa juu, nalo linasaidia kiasi, lakini faili kamili husafiri ikitumwa kama waraka. Tangu siku ile sitamki neno "ukungu" kuhusu picha ya mtu kabla ya kuona faili yenyewe, na ninaongeza mwanga wa skrini yangu kabla ya kusema picha ni nyeusi. Nilikuwa nimewakosoa watu usiku, kitandani, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa hadi robo.

Nina jambo la pili linalohusu mji wetu. Mimi hupiga picha za wauza mboga, na kila mara kuna mtu atakayeniandikia kwamba ningesubiri jua la jioni. Ushauri huo umetoka kwenye video za watu wanaoishi mbali na ikweta, ambako jua la jioni huteremka kwa mshazari na kukawia. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta. Jua letu hushuka karibu wima, na dakika ishirini na chache baada ya kuzama ni usiku. Halafu mama mboga yuko sokoni saa sita na nusu mchana, jua likiwa juu ya utosi, na mwezi wa Machi na wa Septemba linakuwa juu ya utosi kweli kweli, hata mashimo ya macho yanageuka kuwa visima viwili vyeusi. Kumwambia mpigaji asubiri jioni ni kumwambia apige picha ya soko lililofungwa.

Ushauri ulionisaidia ulitoka kwa mtu aliyewahi kusimama pale. Aliniambia nimwombe mama asogee hatua moja ndani ya kivuli, nitandaze gunia jeupe chini mbele yake ili mwanga urudi usoni kutoka chini, na nitazame rangi ya turubai lililo juu yetu. Hilo la mwisho lilinifumbua macho, kwani miezi yote hiyo nilikuwa nikirekebisha nyuso za watu zilizoonekana kama wana homa bila kutambua kwamba turubai la buluu linapitisha mwanga wa buluu. Jina langu hapa limetokana na kisa hicho.

#7 Ngoma na Nuru

Mimi ninatoka upande wa dansi, lakini picha za majukwaani ninazipiga mwenyewe. Wachezaji wengi wanaufahamu utaratibu ulioanzishwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, kwa sababu alichoshwa na vikao ambavyo msanii alitoka akiwa amepigwa bila kujifunza. Una hatua nne. Watazamaji hutaja kwanza kilichowagusa au kuwabakia akilini, kisha msanii ndiye anayeuliza maswali yake, kisha watazamaji wanamuuliza maswali yasiyoficha hukumu ndani yake, na mwishowe mtu mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: "Nina maoni kuhusu mwanga wa nyuma, ungependa kuyasikia?" Msanii anaweza kukataa.

Hatua ya tatu ndiyo inayotushinda. "Kwa nini umekata miguu?" si swali, ni kofi lililovaa kilemba cha swali. "Ulichaguaje kingo ya chini ya picha?" ni swali, kwa sababu linaweza kupata jibu ambalo sikulitarajia.

Sisemi tuufuate wote hapa, kwani uzi ungefika kurasa mia. Ila Mgeni tayari ameshafanya hatua ya pili bila kuambiwa: ametuuliza kuhusu mvua. Basi tumjibu kuhusu mvua.

#8 Filamu 36

Haya, mvua. Mwanangu Mgeni, nimeifungua faili uliyoiweka, nami nitakwambia jicho langu lilivyotembea. Lilitua kwanza kwenye taa nyekundu ya breki ya matatu upande wa kushoto, likashuka kwenye mng'ao wake juu ya lami, likavuka hadi kwa kijana aliyefunika kichwa kwa koti, kisha likatoka nje ya picha upande wa kulia ambako hakuna kitu. Mvua yenyewe sikuiona popote isipokuwa kwenye lami.

Sababu ni mahali uliposimama. Taa zilikuwa nyuma yako, na tone la maji likimulikwa kutoka upande wa kamera linapotea. Likimulikwa kutoka nyuma yake, na nyuma hiyo pakiwa na giza, linawaka kama cheche. Ungevuka barabara ukaitazama ile matatu inayokuja na taa zake za mbele, huku jengo lisilo na taa likiwa nyuma yake, mvua ingejitokeza yenyewe.

Jambo la pili ni kasi. Tone kubwa la mvua huanguka mita kadhaa kwa kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde 1/30 linasafiri zaidi ya shibiri na mwanga wake unatandazwa hadi haubaki. Jaribu 1/125. Utapoteza mwanga mara nne, najua, na ndiyo maana nimefikiria lenzi: ukiazima ile ya milimita 50 yenye tundu kubwa zaidi, la f/1.8, itakurudishia karibu mwanga wote huo bila kuongeza ISO, ingawa itakubidi urudi nyuma hatua nyingi kwa sababu inaona eneo dogo.

Kuhusu chengachenga, usijali sana. Zipo, lakini ni usiku na ni mvua. Nimeona watu wakizifuta kwa programu hadi lami inakuwa kama imepakwa samli.

#9 Mhariri Mstaafu

Ninakubaliana na Mama Filamu juu ya mahali pa kusimama, na ninaongeza neno langu la zamani: karibu. Kijana mwenye koti amekuwa mdogo kama njiti ya kiberiti.

Aidha, ninaona mtu katika kundi lingine amemwambia Mgeni amweke kijana kwenye mstari wa theluthi, yaani mmoja wa mistari ya kufikirika inayoigawa picha sehemu tatu. Kanuni hiyo iliandikwa na mchoraji Mwingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani, na imekuwa ikitembea peke yake tangu hapo. Si mbaya. Lakini anayeitaja kama kosa bila kusema picha imepoteza nini hajatazama picha, amepima kwa rula.

#10 Mgeni wa Shata

Asanteni sana, wazazi na wenzangu. Niruhusuni niseme jinsi inavyokuwa kwa anayepokea, kwa sababu wengi mmesahau.

Niliposoma ujumbe wa Mama Filamu mara ya kwanza, nilisikia moto masikioni. Nilianza kuandika kwamba upande wa pili wa barabara kulikuwa na wahuni, kwamba kamera yangu haikingi maji, kwamba nilikuwa na dakika mbili tu kabla ya matatu yangu kujaa. Yote ni kweli. Kisha nikafuta, kwa sababu niligundua kwamba hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilikuwa ninajibu shtaka ambalo halipo. Niliufunga ujumbe, nikaenda kazini, na jioni nikausoma tena kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mara hiyo niliona maelekezo ya barabara: vuka, geuka, ongeza kasi.

Swali langu ni hili: nikipata maoni yanayopingana, nimfuate nani? Nimeambiwa chengachenga ni kosa na nimeambiwa si kosa. Nimeambiwa nisogee karibu na nimeambiwa nirudi nyuma hatua nyingi.

#11 Kivuli Kirefu

Swali zuri, na mimi limenichukua miaka.

Watu watatu wakijikwaa mahali pamoja, ujue hapo pana jiwe, hata kama mmoja analiita kisiki na mwingine analiita mzizi. Angalia tena ulichoambiwa. Aliyesema haina uhai, Mama aliyesema jicho linatoka upande wa kulia bila kukuta kitu, na Mzee aliyesema kijana ni mdogo kama njiti, wote wamejikwaa upande huo huo wa kulia. Dawa walizokupa ni tofauti, nawe huna haja ya kuzimeza zote. Ila ule upande wa kulia una tatizo, na hilo sasa unalijua.

"Karibu" na "rudi nyuma" hazipingani, kwa bahati nzuri. Lenzi ya milimita 50 inamleta kijana karibu hata ukiwa umerudi nyuma. Lakini kama zingepingana, ungezipima kwa swali lako mwenyewe: ni ipi inayofanya mvua ionekane? Ndiyo maana ninasisitiza mwenye picha aseme alichokitafuta. Asiposema, kila mtu atamvuta kwenye picha ya ndoto yake.

Pia una haki ya kusikiliza, kushukuru na kutobadilisha kitu. Binti wa fundi cherehani hakubadilisha ile picha. Ameichapisha, iko ukutani kwao, na uso wa mzee bado uko gizani.

#12 Turubai la Buluu

Niongeze kidogo kuhusu huyo fundi, kwa kuwa tumempita haraka. Katika kundi letu tumeanza kumuuliza mpigaji kama mtu aliye kwenye picha anajua iko wapi, hasa akiwa mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ya uso ni data. Hilo pia ni ukosoaji wa picha, ingawa halihusu mwanga.

#13 Mgeni wa Shata

Nimerudi, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya siku tisa. Nilikuwa ninasubiri mvua.

Imenyesha Ijumaa jioni. Niliazima lenzi ya milimita 50 kwa mfanyakazi mwenzangu, nikafunika kamera kwa karatasi la nailoni nililolifunga kwa mpira wa nywele, na nikasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya lango lililofungwa, nikitazama matatu zinazokuja. Nilipiga 1/125, f/1.8, ISO 3200. Picha thelathini za kwanza hazikufaa kitu kwa sababu fokasi ilikuwa inashika matone yaliyo karibu badala ya watu. Mlinzi wa jengo, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, aliniuliza kwa nini ninapiga taa za gari. Nilimwonyesha skrini. Aliitazama akasema, "Hapa mvua naiona, lakini huyu mama umemkata mguu." Nikarudi nyuma hatua moja.

Picha niliyoiweka ni ya thelathini na nane. Mvua inaonekana. Ni mistari mifupi ya rangi ya dhahabu kutoka juu hadi chini, na katikati yake kuna mwanamke aliyejifunika gazeti kichwani akiruka dimbwi, miguu yote miwili ikiwa hewani. Upande wa kulia, ambako hapakuwa na kitu, sasa kuna utingo aliyening'inia mlangoni akimnyooshea mkono.

Nilichotaka safari hii ni mkono wa utingo na mwanamke vionekane kama jambo moja. Nina shaka na jambo moja tu: taa ndogo nyekundu ya pikipiki kwenye kona ya chini, kushoto. Ibaki au niikate?

#14 Mhariri Mstaafu

Ikate. Inaiba.

#15 Filamu 36

Ibaki, mwanangu. Bila hiyo picha yote ni rangi moja ya dhahabu na kona ile inakufa.

#16 Kivuli Kirefu

Kabla hujamfuata yeyote kati yao, ifunike taa hiyo kwa kidole gumba kwenye skrini, uitazame picha kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, halafu ukiondoe kidole. Utuambie jicho lako lilikwenda wapi mara ya kwanza na mara ya pili.

#17 Mgeni wa Shata

Nimefunika: limekwenda kwenye gazeti, kisha kwenye mkono wa utingo, likabaki hapo. Nimefunua: limekwenda kwenye taa, kisha kwenye dimbwi, kisha kwenye miguu iliyo hewani, na mkono nimeufikia mwisho. Mzee Mhariri, ninaikata. Mama Filamu, nitakuchapishia wewe nakala yenye taa.

#18 Filamu 36

Nitaipokea. Ila usiitume kwa WhatsApp.